Kichwa cha Mtu Mweusi katika Ngao za Ujerumani

Msafiri atokaye Munich, mji mkuu wa jimbo la Bavaria katika Ujerumani ya kusini, akiufuata mto Isar kuelekea kaskazini, baada ya mwendo mfupi hufika Ismaning. Katika ngao iliyo alama ya mahali hapo amechorwa mtu mweusi mwenye taji kichwani. Msafiri huyo akigeuka na kushika njia ya kusini, akapanda mpaka milima ya Alpi karibu na mpaka wa Austria, atakuta kijiji cha Mittenwald, kinachosifiwa kwa mafundi wake wa kutengeneza fidla. Huko nako atakiona kichwa kile kile cheusi chini ya taji lake. Na katika nchi iliyo kati ya sehemu hizo mbili kipo katika ngao nyingine kadha wa kadha.

Mwafrika akiona picha hiyo, hawezi kupita bila kuuliza: Huyu ni nani, na amefikaje hapa? Swali hilo lina haki yake. Vijiji hivyo ni vya wakulima, wafuga ng'ombe na wakata miti. Na ngao zao zina asili katika nyakati ambazo wengi wa wenyeji waliishi na kufa bila kumwona mtu mweusi hata mmoja kwa macho yao. Kwa nini basi wasichore ng'ombe, au msonobari, au jembe la plau, vitu walivyovijua? (Wako wengine waliochora vitu hivyo, na ngao zao hazimsumbui mtu yeyote.)

Ili kulijibu swali hilo yafaa kwanza kujua ngao hizi zilikuwa za kazi gani. Zamani katika Ulaya mpiganaji wa farasi alivaa chapeo ya chuma iliyomfunika uso mzima, hata rafiki yake hakuweza kumtambua vitani. Kwa hiyo kila bwana alipaka ngao yake rangi na picha yake mwenyewe: huyu simba, yule tai, mwingine mistari tu ya nyekundu na nyeupe. Baadaye picha ile ile ilichongwa katika muhuri na kupigwa juu ya nta penye hati za mashamba, kodi na hukumu. Kila karani ajua kwamba barua isiyo na muhuri ni karatasi tu. Basi maaskofu, miji, na mwisho hata vijiji, vikawa na ngao bila kwenda vitani, kwa sababu ya hati zao.

Sasa, nchi zile za Ismaning na Mittenwald zilikuwa chini ya bwana mmoja, naye ni Askofu wa Freising. Freising ni mji wa kale uliojengwa juu ya kilima karibu na mto Isar, na askofu wake hakuwa mchungaji wa roho peke yake. Alikuwa mtawala pia, mwenye ardhi, mahakama na watoza ushuru. Mwaka 1284 muhuri wa Askofu Emicho ulionyesha kichwa chenye taji. Mwaka 1316, katika kitabu cha mali cha Askofu Konrad wa Tatu, kichwa hicho kikaonekana kwa rangi, na rangi ya uso ni nyeusi. Tangu hapo maaskofu wa Freising hawakukiacha. Walitawala nchi zao hizo mpaka mwanzo wa karne ya kumi na tisa, ambapo utawala wa kidunia wa maaskofu ulivunjwa, na mwaka 1803 ardhi yao ilikuwa imekwisha ingia mikononi mwa watawala wa Bavaria.

Kwa hiyo katika vijiji maana ya picha ni nyepesi kuliko mgeni anavyodhani. Ni kama chapa ya moto juu ya paja la ng'ombe. Yasema: Hapa palikuwa pa Askofu. Vijiji vilipojichagulia ngao za kisasa, vilitazama nyuma katika historia, vikachukua alama ya bwana wa zamani, kama vile ukoo unavyotaja jina la babu ambaye hakuna aliye hai aliyemwona.

Lakini mwenye uso huo ni nani hasa? Hapo wataalamu hawajapatana. Wako wasemao ni mmoja wa wale Mamajusi watatu waliokwenda Bethlehemu, ambao mmoja wao desturi ya Ulaya humchora mweusi. Wako wasemao ni Mtakatifu Moris. Na wako wasemao kwamba hapo mwanzo kilikuwa kichwa cha mfalme tu, na weusi ukaja baadaye. Kanisa lenyewe lakiita kichwa cha Mhabeshi, kwa maana ya zamani ya neno hilo, yaani mtu yeyote mweusi wa Afrika. Joseph Ratzinger alikuwa Askofu Mkuu wa Munich na Freising tangu 1977 hata 1982. Na alipofanywa kuwa Papa Benedikto wa Kumi na Sita, mwaka 2005, alikiweka kichwa hicho katika ngao yake ya Upapa. Hivyo kwa muda wa miaka minane, mpaka alipojiuzulu mwaka 2013, uso wa mtu mweusi mwenye taji ulikuwa juu ya hati za Papa huko Roma, na Wakatoliki wengi wa Afrika walioziona hawakujua umetoka wapi.

Katika Freising, basi, kichwa hakina jina la hakika. Uko mji mwingine wa Bavaria, upande wa kaskazini kabisa, ambao kichwa chake kina jina, na kwa ajili ya jina hilo kilipata kuondolewa kikarudishwa. Mji huo ni Coburg.

Coburg si mji mkubwa. Watu wake ni kama elfu arobaini na moja. Juu yake iko ngome kubwa ya kale, na katikati yake kiwanja cha soko. Waingereza waujua kwa sababu Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alizaliwa mwaka 1819 katika nyumba ya Rosenau iliyo karibu na mji huo. Ngao ya Coburg ni ya rangi ya dhahabu, na juu ya dhahabu hiyo kipo kichwa cha mtu mweusi, ametazama upande, na sikioni ana hereni. Mgeni hukikuta hata chini ya miguu yake, kwa kuwa kimepigwa katika vifuniko vya chuma vya mifereji ya barabarani. Watu wapita juu yake asubuhi wakienda kazini na jioni wakirudi, wala hawaoni ajabu.

Huyo ni Mtakatifu Moris, mlinzi wa mji tangu zamani. Habari zake ziliandikwa na Eukerio, Askofu wa Lyon, katika karne ya tano. Alisimulia kwamba Moris alikuwa mkuu wa kikosi cha Rumi kilichotoka Thebe, katika Misri ya juu, nao wote walikuwa Wakristo. Kaisari Maksimiano aliwaleta Ulaya, mpaka mahali paitwapo Agaunum katika milima ya nchi ambayo leo ni Uswisi. Huko wakaamriwa wawakamate na kuwaua Wakristo wenzao. Wakakataa. Kaisari akaamuru katika kila watu kumi auawe mmoja. Waliobaki wakaulizwa tena, wakakataa tena, wakahesabiwa tena kwa makumi; na mwisho wakauawa wote. Eukerio ataja hesabu ya watu 6,600. Wanahistoria wa leo hawaikubali hesabu hiyo, na wengine hushuku mengi katika kisa chote. Lakini mahali penyewe pana monasteri iliyoanzishwa mwaka 515, na mji wa hapo huitwa Saint-Maurice mpaka leo.

Jambo la kuangalia ni kwamba askari hao hawakuasi. Katika kisa hicho hawakuinua silaha juu ya Kaisari, ingawa walikuwa nazo mikononi. Walisema watamtumikia vitani dhidi ya adui zake, ila hawatawaua wasio na hatia. Kwa mtu aliyepata kuvaa sare ya serikali yoyote, hiyo ni habari nzito kuliko habari ya simba au tai, na yastahili kukumbukwa hapo mbele yatakapotajwa mambo ya mwaka 1934.

Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimchora Moris kama mtu mweupe. Mabadiliko yalikuja katika karne ya kumi na tatu, katika mji wa Magdeburg, mashariki ya Ujerumani. Huko Mfalme Otto wa Kwanza alikuwa amejenga monasteri ya Mtakatifu Moris mwaka 937, na baadaye likasimama kanisa kuu. Yapata mwaka 1240 au baadaye kidogo, fundi ambaye jina lake halikuandikwa alichonga katika jiwe sanamu ya Moris, akamfanya Mwafrika kamili. Sanamu hiyo ingali kanisani, ijapokuwa sehemu ya chini ya miguu imevunjika. Amevaa deraya ya vikuku vya chuma mpaka kichwani, na ndani yake watazama uso wa mtu mzima, mtulivu, mwenye pua pana na midomo minene. Hauna mzaha. Aliyeuchonga yaonekana aliwahi kumtazama mtu mweusi kwa makini, akamwona kuwa mtu.

Pengine jina lenyewe lilisaidia. Moris, au Mauritius kwa Kilatini, latokana na neno Maurus, yaani mtu wa Mauretania katika Afrika ya kaskazini. Na katika lugha ya Kijerumani neno hilo likawa Mohr, ambalo maana yake ilipanuka ikawa mtu yeyote mweusi. Jina hilo limesafiri mbali. Mwaka 1598 mabaharia wa Kiholanzi walipofika katika kisiwa cha Bahari ya Hindi kilicho mashariki ya Bukini, walikiita kwa jina la mtawala wao, Maurits. Ndicho kisiwa cha Morisi cha leo. Mabaharia wa pwani watajao Morisi hutaja jina la askari wa Thebe bila kujua.

Turudi Coburg. Wakati wa Matengenezo ya Dini mji huo ulifuata mafundisho ya Martin Luther, na mwaka 1530 Luther mwenyewe alikaa miezi kama sita katika ile ngome ya juu, akahubiri katika kanisa la Mtakatifu Moris. Sasa, Walutheri hawawaombi watakatifu. Ingetazamiwa kwamba Moris angeondolewa pamoja na mishumaa na masalio. Hakuondolewa. Alikuwa amekwisha kuwa mtu wa mji, na si mtu wa kanisa peke yake.

Alivyozoeana na mji waweza kuonekana juu ya paa la nyumba ya baraza, penye kiwanja cha soko. Hapo iko sanamu yake, ameshika fimbo ya ujemadari. Chini yake wauza soseji huchoma soseji ndefu za Coburg juu ya moto wa matunda makavu ya msonobari, na wenyeji husema kwamba urefu wa soseji ni sawasawa na urefu wa fimbo ya Moris: sentimeta 31 kabla ya kuchomwa. Mwuzaji akikupunja, mtakatifu yuko juu anatazama. Kwa sababu hiyo wamempa jina la utani, wakimwita Mtu wa Soseji. Shahidi wa imani aliyekufa kwa ajili ya neno lake amekuwa mkaguzi wa vipimo sokoni. Na kusema kweli si kazi ya aibu, maana mizani ya haki sokoni ni jambo ambalo kila mkulima hulitamani.

Ndipo ikaja zamu ya chama cha Nazi. Coburg ina sifa mbaya katika historia hiyo, wala wenyeji wa leo hawaifichi. Mwaka 1929 chama cha Hitler kilipata viti 13 katika 25 vya baraza la mji, na Coburg ikawa mji wa kwanza katika Ujerumani kutawaliwa na chama hicho kwa wingi wa kura, miaka minne kabla Hitler hajaishika serikali ya nchi nzima. Mwaka 1932 mji ukampa Hitler heshima ya kuwa raia wake. Chama hicho kilifundisha kwamba watu wa damu ya Kijerumani ni mabwana kwa kuzaliwa, na kwamba wengine wote, Wayahudi na Waafrika na wengineo, wako chini yao au hawastahili hata kuishi.

Watu wenye fundisho hilo walifanya kazi kila siku chini ya ngao yenye kichwa cha Mwafrika. Kilikuwa katika barua zao na katika mihuri yao. Mwaka 1934 wakakiondoa. Mahali pake wakaweka upanga uliosimama, na penye kishiko chake alama ya swastika, ule msalaba wa ncha zilizopindwa. Kichwa kilichokuwa alama ya mji tangu zama za kati kikakatwa tena, mara hii kwa kalamu.

Jambo hilo lilikuwa dogo ukilinganisha na maovu yaliyofuata. Hakuna aliyekufa kwa sababu ngao ilibadilishwa. Hata hivyo waliofanya hivyo walijua, labda kuliko wale waliokuwa wakipita juu ya vifuniko vya barabarani bila kufikiri, kwamba picha hiyo ilisema neno. Ilisema kwamba mlinzi wa mji wa Kijerumani ni mtu mweusi. Na aliyekumbuka kisa chake alijua kwamba ilisema na neno la pili: kwamba mlinzi huyo ni askari aliyeamriwa kuwaua wasio na hatia, akakataa. Si rahisi kuamua ni lipi kati ya maneno hayo mawili lililokuwa la hatari zaidi kwa serikali ile. Walilolichukia waziwazi lilikuwa lile la rangi.

Upanga na swastika vilidumu miaka kumi na mmoja. Mwezi wa Aprili 1945 majeshi ya Marekani yaliingia Coburg, na mwaka huo huo Moris akarudi katika ngao.

Kama habari ingekoma hapo, ingekuwa tamu, na Mwafrika angesoma na kufurahi. Lakini haikukoma. Katika mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi huko Marekani, watu katika nchi nyingi walianza kuzitazama upya sanamu na majina ya mitaa. Huko Berlin baraza la wilaya lilikata shauri kwamba Mtaa wa Mohr uitwe kwa jina la Anton Wilhelm Amo, mtu wa pwani ya Ghana ya leo, aliyefundisha falsafa katika vyuo vikuu vya Halle na Jena katika karne ya kumi na nane. Na mwaka huo huo yalikusanywa majina ya watu walioomba Coburg ibadili ngao yake. Hoja yao ilikuwa kwamba picha ile, pamoja na midomo yake na hereni yake, ni picha ya dhihaka, iliyobuniwa na watu waliowafikiria Waafrika kama vitu vya ajabu. Na kwamba neno Mohr lenyewe laumiza. Wengine wakakusanya majina kwa upande wa pili, wakawapita wale wa kwanza kwa wingi. Hao walijibu: Huyu ni mlinzi wetu, twamheshimu, Wanazi ndio waliomfukuza, nasi tukimfukuza tena tutafanana nao. Ngao ikabaki kama ilivyo.

Pande zote mbili zilikuwa na jambo la kweli. Hoja ya wenyeji ni nzito, kwani watu wachache katika Ulaya waweza kusema kwamba mlinzi wa mji wao ni Mwafrika na kwamba walimrudisha baada ya kufukuzwa. Lakini kumheshimu mtu si sawa na kuiheshimu kila picha aliyochorwa. Mtu akichorewa baba yake na jirani ambaye hakupata kumwona, akampa hereni ambayo hakuvaa, aweza kumpenda baba yake na bado akaomba picha nyingine. Wala haitoshi kumwambia kwamba jirani hakuwa na nia mbaya.

Na picha nyingine ipo. Ipo kanisani Magdeburg, ilichongwa karibu miaka mia nane iliyopita na fundi wa Kijerumani. Huyo hakuchora kichwa peke yake kilichotengwa na mwili, wala hakumpa hereni; alichonga askari mzima, amesimama, amevaa deraya. Baraza la Coburg likipenda siku moja kumchora upya Moris wake, halitahitaji kumwondoa ili kuwaridhisha wanaolalamika, wala kutafuta mfano katika nchi ya mbali. Itakuwa ni safari ya saa chache tu kwenda kaskazini, na mchoraji mwenye macho.